Askari Naye Aonyeshe Cheti



Mwenzetu mmoja wa Mikindani, kibarua wa zamu ya usiku katika yadi ya makontena, alikuwa akirudi nyumbani alfajiri. Amekwisha kuteremka barabara kuu, ameingia njia ya kwake, akasimamishwa na askari wa doria. Walimwuliza atoka wapi, akasema atoka kazini. Walimwuliza kitambulisho, akatia mkono katika mfuko wa shati. Kabla hajautoa alipigwa rungu la kiwiko, na la pili likamwangukia begani. Kilichodondoka mfukoni hakikuwa kisu. Kilikuwa kitambulisho chake, na pamoja nacho karatasi iliyokunjwa ndani ya plastiki: cheti cha tabia njema, alichokipata wiki ile ile kwa sababu mwajiri wake aliwataka vibarua wote walete vipya.

Asubuhi alikwenda kituoni kushtaki. Aliulizwa ni nani aliyempiga. Hakujua. Aliulizwa namba ya askari huyo. Hakuiona, maana hakuna aliyevaa namba wala jina. Basi akaambiwa arudi atakapolijua jina. Mkono ulikuwa umevunjika, na kibarua asiyekwenda kazini halipwi. Kituo hatukitaji wala hatumtaji mtu, kwa kuwa shauri hilo liko mikononi mwake mwenyewe na chama kinamsaidia. Lakini katika mkutano wa tawi letu tumelizungumza sana, na kila tulipoligeuza tulirudi kwenye ile karatasi.

Ndugu, kila mmoja wetu aijua karatasi hiyo. Dereva huitakiwa, soja huitakiwa, mtu wa bandarini na wa viwanda vya nguo vya Jomvu na Miritini huitakiwa, na binti anayekwenda kutumika Arabuni hapati safari bila hiyo. Unalipa zaidi ya shilingi 1,000 kabla hujapata kazi yenyewe. Unatia vidole vyako vyote kumi katika wino. Unangoja. Na anayekupa ni polisi. Yaani polisi ndiye anayetushuhudia mbele ya mwajiri kwamba sisi ni watu wema. Hatulikatai jambo hilo, maana hakuna apendaye kufanya kazi na mwizi. Ila twauliza swali moja tu: askari mwenyewe, aliyepewa rungu na bunduki, cheti chake cha tabia njema hutolewa na nani? Na akiharibu, hunyang'anywa na nani?

Kuna watu wasemao kwamba Kenya haina sheria ya kumzuia askari asipige watu. Si kweli, na yafaa wanachama wajue. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilitungwa mwaka 2011, baada ya Katiba mpya ya 2010 iliyolibadilisha hata jina, ikaacha kuita polisi Jeshi ikawaita Huduma. Mwishoni mwa sheria hiyo kuna Jedwali la Sita, nalo lahusu nguvu tu: lini askari aweza kuitumia, kwa kiasi gani, na afanye nini akisha kuitumia.

Jedwali hilo lasema maneno mepesi ambayo hata mtoto wa shule huyaelewa. Askari lazima ajaribu kwanza njia isiyo ya nguvu. Nguvu ni pale tu njia hiyo imeshindwa au haina tumaini. Hata hapo nguvu iwe ya kadiri: ilingane na kosa lenyewe na namna mtu anavyopinga. Mtu akiumia, askari waliopo wamtafutie matibabu papo hapo na jamaa zake waarifiwe. Askari aliyetumia nguvu amweleze mkubwa wake. Ikiwa mtu amekufa au ameumia vibaya, mkubwa huyo aiarifu Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA, ifanye uchunguzi. Bunduki ni ya mwisho kabisa, hasa kwa kuokoa uhai ulio hatarini, na kabla ya kupiga risasi askari ajitambulishe na kuonya kwa sauti, isipokuwa kuonya huko kwaweza kuleta mauti. Kila risasi itolewe habari, hata kama haikumpata mtu.

Yako mambo mawili zaidi katika Jedwali hilo, nayo twaomba kila mwanachama ayaweke kichwani. La kwanza: askari aliyevaa sare lazima wakati wote awe na jina lake au namba yake mahali panapoonekana. La pili: amri ya mkubwa si udhuru. Askari aliyetumia nguvu kinyume cha sheria hawezi kusimama mahakamani akasema, "Mimi nilitumwa."

Sasa pima kisa cha mwenzetu kwa kipimo hicho. Njia isiyo ya nguvu haikujaribiwa. Kadiri haikuwapo, kwa sababu hapakuwa na kosa. Matibabu hakupewa. Namba haikuvaliwa. Sheria nzuri ya kurasa chache ilivunjwa pale njiani kabla ya jua kuchomoza, na kituoni ikavunjwa mara ya pili kwa kalamu.

Wala si yeye wa kwanza pwani hii. Wafanyakazi wa ng'ambo ya Likoni hawajasahau Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020. Ilikuwa siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku kwa ajili ya korona, na amri ilianza saa 1 ya jioni. Watu walitoka kazini kisiwani, wakajipanga kivukoni ili wawahi kwao. Saa ilikuwa bado. Polisi waliwavamia wakiwa katika foleni, kwa rungu na gesi ya machozi, wakawalaza chini wamebanana, siku zile zile tulizoambiwa tusikaribiane kwa sababu ya ugonjwa. Mwendesha bodaboda mmoja, aliyekuwa amempeleka mwanamke mja mzito hospitali, alipigwa huko Likoni akafa kwa majeraha hayo. Katika siku kumi za kwanza za amri hiyo shirika la Human Rights Watch liliandika habari za watu wasiopungua sita waliouawa na polisi katika nchi. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi. Kuomba radhi ni uungwana. Lakini radhi haimwondoi kazini aliyepiga, na askari yule wa kivukoni aweza kuwa leo yuko kivuko kingine.

Tusidhani kwamba jambo hili lilianza na korona. Polisi wa Kenya walianza hapa hapa Mombasa katika miaka ya 1880, wakiwa askari wa kulinda maghala ya kampuni ya Waingereza. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulinda mali ya tajiri, na mfanyakazi alitazamwa kama mtu wa kuchungwa. Machi 1922 polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja, makuli, watu wa reli, wapagazi na maboi wa nyumbani, na katika mgomo ule kikazaliwa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia. Mwezi Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa akahamishwa mbali. Septemba, huko Uplands, polisi waliwapiga risasi wagomaji wa kiwanda cha nyama ya nguruwe, watatu wakafa. 

Leo Katiba yatupa haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha katika kifungu cha 37. Haki hizo zina uzito gani ikiwa anayesimama mbele yetu langoni hana namba kifuani wala hana cha kupoteza? Ndiyo maana twasema hili ni jambo la chama cha wafanyakazi, si la mawakili peke yao.

Tuitazame kesi moja iliyokwisha, ili mtu asiseme kwamba haiwezekani. Usiku wa Agosti 2014, katika kijiji cha Maweu, Kinango, polisi waliingia nyumba moja wakimtafuta mtu mwingine. Ndani alikuwamo Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14. Alipigwa risasi akafa. Polisi walisema aliwajia na panga. Kwekwe alizikwa, kisha IPOA wakapata amri ya mahakama akafukuliwa ili mwili ukaguliwe vizuri. Mwanzoni mwa 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja akapewa kifungo cha miaka 7, na Mahakama ya Rufaa ikawakatalia rufani yao. Ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kwa uchunguzi wa IPOA tangu ianze kazi mwaka 2012. Jamaa maskini wa Kinango walishinda kwa sheria hiyo hiyo tunayoisema. Basi sheria yaweza kufanya kazi ikitiwa nguvu.

Lakini kesi ya mauaji ni mlango wa mwisho. Mtu hafiki hapo ila maiti iko tayari. Sisi twataka mlango wa kwanza, ule wa kumzuia askari mbaya kabla hajaua. Na kwa hili tukumbuke kisa cha bodaboda mwingine, Josephat Mwendwa wa upande wa Mlolongo. Mwaka 2015 alipigwa risasi na askari, akapona. Alifanya kama raia mwema anavyoagizwa: alishtaki kwa IPOA. Badala ya kupata haki alianza kuandamwa na kesi asizozijua. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani, katika teksi ya Joseph Muiruri. Wote watatu walitekwa, wakauawa, na miili yao ikatupwa mtoni. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na mtoa habari wao mmoja, na Februari 2023 ikawahukumu, mmoja kifo na wenzake miaka mingi gerezani.

Angalieni hesabu ya siku hizo, ndugu. Kutoka Mwendwa alipopigwa risasi hadi kuuawa kwake ulipita mwaka mmoja na zaidi. Muda wote huo askari aliyeshtakiwa alikuwa kazini. Alikuwa na sare, alikuwa na bunduki, alikuwa na pingu na kambi ya kumfungia mtu. Laiti angaliwekwa kando siku malalamiko yalipofika, silaha ikarudishwa ghalani mpaka shauri limalizike, leo watu watatu wangalikuwa hai: mwendesha bodaboda, dereva wa teksi na wakili. Wawili kati yao ni wafanyakazi wa barabara kama sisi.

Hapa ndipo penye pengo. IPOA huchunguza, kisha hupendekeza. Ikiona kosa la jinai hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Ikiona kosa la nidhamu huwapelekea wakubwa wa polisi na Tume ya Huduma ya Polisi, ambayo kwa kifungu cha 246 cha Katiba ndiyo yenye mamlaka ya kuwaajiri askari, kuwaadhibu na kuwatoa. IPOA yenyewe haiwezi kumvua mtu uaskari. Na kati ya kupendekeza na kutenda kuna njia ndefu yenye miiba. Dawa inayopendwa zaidi njiani humo ni uhamisho. Askari aliyelalamikiwa Changamwe apelekwa mahali pengine, na wa mahali pengine aletwa Changamwe. Hii ni kama mwenye nyumba anayehamisha ndoo chini ya paa linalovuja asipande kuziba tundu.

Mwishoni mwa 2013 Tume hiyo ilianza kuwapiga msasa maafisa wote, ikianza na wakubwa. Mambo mengi yalifichuka, zikaonekana akaunti za benki na za simu zenye fedha ambazo mshahara wa polisi hauwezi kuzieleza. Baadhi walitolewa. Baadhi ya waliotolewa walikwenda mahakamani kudai kazi yao. Kazi ile ilikuwa nzuri kwa nia yake, lakini ilikuwa ufagio wa siku moja. Nyumba haifagiwi mara moja ikawa safi milele. Kinachotakiwa ni daftari la kudumu.

Twalitaka daftari gani? Tutazame kazi nyingine. Mwalimu wa Kenya ana namba katika daftari la Tume ya Walimu. Akimwingilia mtoto hafukuzwi shule moja akaajiriwa nyingine. Jina lake lafutwa na kutangazwa wazi, na tangu siku hiyo hawezi kushika chaki darasani popote nchini. Wakili hufutwa katika orodha ya mawakili. Daktari na muuguzi vivyo hivyo. Dereva wa matatu hunyang'anywa leseni. Tangu sheria ya 2016, hata soja wa getini, ambaye silaha yake ni rungu na kurunzi, lazima aandikishwe, na akikosa aweza kufutwa. Kila mtu ambaye kazi yake yaweza kumdhuru mwenzake ana karatasi ambayo yaweza kuchanwa. Askari mwenye bunduki ya kivita hana. Akifukuzwa, amefukuzwa na mwajiri tu; uaskari wenyewe hauna daftari la kumfuta. Kesho aweza kujitokeza akiwa askari wa kaunti au mlinzi wa kampuni, na anayemwajiri asijue alitolewa kwa nini.

Nchi nyingine zimejifunza kwa machozi. Marekani, majimbo mengi yana kanuni zake za kumpa mtu kibali cha uaskari na kumpokonya, lakini jimbo la California, lenye watu wengi kupita yote, lilikuwa miongoni mwa machache ya mwisho yasiyoweza kumpokonya. Askari aliyetolewa mji mmoja aliajiriwa mji wa pili. Baada ya George Floyd kukandamizwa shingo na askari hadi akafa huko Minneapolis Mei 2020, watu waliamka, na Septemba 2021 California ikapitisha sheria ya kumvua kibali askari aliyefanya maovu makubwa, asiweze kuwa polisi tena mahali popote katika jimbo. Uingereza na Wales tangu Desemba 2017 wana orodha ya waliofukuzwa, ambao hakuna kikosi kinachoruhusiwa kuwaajiri. Hao ndio waliotuachia polisi wa kulinda maghala. Ikiwa wao wameona haja ya daftari, sisi twangoja nini?

Tunajua majibu tutakayopewa, nasi tuyajibu kwa haki.

Watu watasema: na wale vijana wa panga, je? Wanachama wetu wa Kisauni na Likoni, na hata hapa Mikindani na Bangladesh, wanakatwa alfajiri wakienda kazini, wananyang'anywa simu na mshahara. Je, chama kinataka polisi wafungwe mikono? Hapana. Sisi ndio tunaotembea gizani, si wenye magari. Twataka polisi, na twawataka karibu. Lakini polisi hukamata majambazi kwa habari, na habari hutoka kwa watu. Mtu aliyevunjwa mkono akitoka kazini hatampigia askari simu kumwambia panga limefichwa wapi. Kila rungu linaloanguka kwa asiye na kosa lamnunulia jambazi siku nyingine ya kujificha. Sheria haimkatazi askari kujiokoa wala kumwokoa mwingine. Yamkataza kumpiga kibarua mwenye cheti mfukoni.

Wengine watasema: wakubwa wamekwisha kuamuru. Tarehe 9 Julai 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba ambamo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 30 waliokufa, Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi ya mguu kisha wapelekwe hospitali na mahakamani. Hasira ya mtu aliyechomewa duka twaifahamu. Wapo wanachama wetu waliopoteza kazi duka la tajiri lilipoteketea. Lakini Jedwali la Sita halimpi mtu ruhusa ya kuchagua kiungo cha mwili. Lauliza kwanza kama palikuwa na haja. Na askari kijana akumbuke lile neno la pili tulilolitaja: amri ya mkubwa si udhuru. Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kwa karibu katika mitaa ya Nairobi, dunia nzima ikaona picha, naye akafa kabla mwezi haujaisha. Aliyeshtakiwa kwa mauaji ni askari aliyeshika bunduki. Hakuna mkubwa aliyekwenda kusimama naye kizimbani.

Na wengine, nao ndio twawajibu kwa upole zaidi, watasema: askari naye ni mfanyakazi. Ni kweli kabisa. Twawajua. Wanakaa nasi, watoto wao wasoma na watoto wetu. Askari hulala chumba kimoja na familia nyingine, shuka ndiyo ukuta. Huitwa usiku bila malipo ya ziada. Hana chama, maana Katiba katika kifungu cha 24 imeruhusu sheria kuwapunguzia polisi haki hizi za wafanyakazi. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022, lilipendekeza waongezwe mshahara kwa asilimia 40, na lilikuta rushwa katika kuajiriwa kwenyewe. Hebu fikirini: kijana ambaye baba yake aliuza ng'ombe au shamba ili apate nafasi ya uaskari, je, ataanzia wapi kurudisha mali hiyo? Ataanzia barabarani, kwa mwenye bodaboda na kwa mama muuza samaki.

Kwa hiyo chama chetu hakidai askari afukuzwe kwa uvumi. Sisi wenyewe tulipigania miaka mingi hata Sheria ya Kazi ya 2007 ikasema katika kifungu cha 41 kwamba mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa bila kuelezwa kosa lake na kusikilizwa, akiwa na mwenzake au mtu wa chama pembeni. Hatuwezi kudai haki hiyo kwa bosi wa yadi kisha tumnyime askari. Asikilizwe. Alete mashahidi wake. Akate rufani. Lakini akisha kupatikana na kosa la kumtesa mtu, au la kumpiga risasi bila haja, au la kuficha ushahidi, basi asihamishwe: afutwe. Tena askari mwema ndiye atakayefaidika mbele ya wote, kwa sababu leo aibu ya mmoja huvaliwa na sare nzima.

Basi haya ndiyo tunayoyadai, na tumeazimia kuyapeleka kwa wabunge wa Jomvu na Changamwe na kwa Tume ya Huduma ya Polisi:

1. Jedwali la Sita liandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani katika kila kituo cha polisi na kila kambi, mahali mwananchi atakapolisoma.

2. Askari yeyote asitoke doria wala kwenda penye mgomo au maandamano bila jina au namba kifuani. Mkubwa atakayewatoa bila namba naye ahesabiwe ana kosa.

3. Malalamiko ya kuumiza au kuua yakipokewa, askari husika aweke silaha chini na akae mbali na mlalamikaji na mashahidi mpaka uchunguzi uishe. Mshahara wake usikatwe kabla hajahukumiwa.

4. Pendekezo la IPOA lijibiwe kwa maandishi katika muda uliowekwa na sheria. Ikiwa Tume yalikataa, itoe sababu hadharani.

5. Liwepo daftari la taifa la uaskari. Aliyefutwa kwa ukatili asiajiriwe tena polisi, wala askari wa kaunti, wala ulinzi wa kampuni.

6. Askari anayemfichua mwenzake mwovu alindwe, asihamishiwe mbali kwa adhabu.

Hayo ni ya serikali. Na yetu sisi je? Ndugu, haki haimfuati aliyelala. Ukipigwa, au mwenzako akipigwa, jambo la kwanza ni daktari. Omba karatasi yenye tarehe, usiipoteze. Andika saa, mahali, namba ya gari la polisi, na majina ya waliokuwapo. Shtaki kituoni na usiondoke bila namba ya kitabu cha matukio. Dai fomu ya P3 na uipeleke kwa daktari aijaze. Ukikataliwa kituo kimoja, andika kwamba umekataliwa na ni nani aliyekukataa. Kisha uje ofisi ya tawi. Tutakuandikia barua kwa IPOA, ambao wana ofisi hapa Mombasa, na tutakwenda nawe. Usiende peke yako. Mtu mmoja mbele ya meza ya polisi ni kelele, ishirini ni ujumbe.

Mwenzetu wa yadi bado amefungwa mkono kwa kitambaa shingoni. Katika mkutano wetu uliopita wanachama walichanga, wakampelekea kodi ya nyumba na unga. Alishukuru. Kisha akatoa ile plastiki mfukoni akaiweka mezani, karatasi ikiwa na alama ya kiatu, akauliza kama mwajiri atamkubalia hiyo hiyo au atamtaka akalipie nyingine. Hatukuwa na jibu. Twataka serikali ilisikie swali hilo kama tulivyolisikia sisi.

Umoja ni nguvu.